Hedhi Imekoma, Kirusi Hakijakoma

Binti wa Mkunazini, Unguja, anayemhimiza mama yake ateremke hospitali ya Mnazi Mmoja, dakika chache tu kwa miguu, akapimwe mlango wa kizazi, jibu analijua kabla hajamaliza kusema: "Mwanangu, mie nshakoma, nipimwe nini tena?" Na shoga aliyekaa barazani humuunga mkono. Maradhi ya wasichana hayo!

Hesabu inakataa. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi cha HPV, na tangu kirusi kuingia mpaka uvimbe kuota hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Aliyekipata akiwa na miaka 35, bado anazaa, huenda akaja kuumwa na wajukuu wamemzunguka. Hedhi ikikoma, kirusi hakipewi taarifa.

Kweli, Shirika la Afya Duniani linawatanguliza wa miaka 30 hadi 49. Lakini shirika hilo hilo linasema aliyepita 50 aache kupima baada ya majibu safi mara mbili mfululizo. Aliyefika 60 bila ya kupimwa hata mara moja, ameacha nini?

Na wapo wanaokwenda, kisha majibu yao yakasomwa kama ya binti zao. Kipimo kilichozoeleka ni cha siki, ndugu wa hii ya kachumbari, ila makali yake yamepimwa: asilimia 3 hadi 5. Muuguzi huipaka kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha huangalia kama pana doa jeupe. Kwa aliyekoma hedhi, sehemu ambayo saratani hupenda kuanzia huwa imeshajivuta ndani ya mfereji, jicho haliifikii. Kutoonekana doa, basi, si hati ya uzima. Kinachomfaa zaidi ni kipimo cha HPV yenyewe, na sampuli yake mwanamke anaweza kujichukulia kwa brashi, faraghani, stara yake haikuguswa.

Majibu yakirudi mabaya, baraza hugawanyika: uzee tu huo, kifo hicho, au, kwa kunong'ona, bwana katoka nje. Uzee unaweza kudanganya, ni kweli. Homoni zikipungua, ngozi ya huko hukonda na kukauka, na seli zake, zikichukuliwa kutazamwa chini ya darubini, huonekana kama zimeharibika. Daktari huweza kuandika krimu ya estrojeni kwa wiki chache, kisha kipimo kikarudiwa. Ila hilo huamuliwa na daktari, na seli zilizobadilika sana hazingojei krimu: huchukuliwa kinyama kikapimwe. Ama fitina ya bwana, kirusi huweza kulala miaka na miaka. Mjane aliyetoka eda zamani hukutwa nacho. Karatasi ya maabara haina tarehe ya kuambukizwa.

Damu ikirudi baada ya kukoma mwaka mzima, hapo hakuna mjadala, ni hospitali. Kwa miaka mingi waliochelewa wamekuwa wakipanda boti bandarini Malindi, kufuata tiba ya mionzi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, binti kawashika mkono.