Mechi ya Kirafiki Haitaki Mchezaji Hewa

Machoni pa watu wengi hakuna kazi nyepesi kama kuitisha mechi ya kirafiki. Mpira upo, kiwanja kipo, vijana wapo. Lililobaki ni kutangaza siku. Ikifika Jumamosi hudhihirika kwamba aliyeitisha hakumwalika mtu yeyote hasa, na aliyeitikia hakukusudia kuja. Saa kumi alasiri wamesimama watu watano chini ya mwembe, mmoja wao amevaa kandambili. Ndipo huanza kazi ya kuokota wachezaji njiani, na hapo ndipo uovu unapoingia.

Tunguu ni mahali panapostahili kuwa mfano katika jambo hili. Katika eneo hili moja la Mkoa wa Kusini Unguja pana vyuo vikuu viwili: Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Pana ofisi za Serikali, pana walimu wa skuli, na pana wananchi waliokuwapo kabla ya majengo hayo yote. Mhadhiri, karani wa masjala, mwalimu wa darasa la kwanza na mkulima wa muhogo hawana mahali pengi pa kukutana bila meza kuwatenganisha. Kiwanja cha mpira ni mahali pamojawapo. Anayeivuruga mechi hiyo havurugi mchezo peke yake. Anaziba mlango ambao watu hawa wangepitia kufahamiana.

Kosa la kwanza ni la mwitishaji. Kutangaza kwa watu wote ni sawa na kutomwambia mtu yeyote, kwa kuwa kila asikiaye hudhani kwamba wengine watatosha. Mwaliko wa kweli humtaja mtu kwa jina, humweleza siku, saa, kiwanja na mchango unaotakiwa, kisha hungoja jibu. Kanuni za mpira zinasema mechi haiwezi kuanza ikiwa timu moja ina wachezaji pungufu ya saba. Kwa hiyo watu kumi na wanne ndio mwisho wa uchache, na ishirini na wawili ndio ukamilifu. Mwitishaji asiyejua Ijumaa usiku amepata wangapi bado hajaitisha mechi.

Kosa la pili ni la mwalikwa. Imezuka tabia mbaya ya kulitumia neno "Inshaallah" kama njia ya kukataa bila kusema hapana. Neno zito la imani limefanywa pazia la uvivu. Ahadi ni deni, na deni la mpira hulipwa na wenzio: waliokuja ndio wanaochangia maji na nauli za wasiokuja, na wao ndio wanaongoja. Kungoja nako kuna hesabu yake. Mechi ya dakika tisini yenye mapumziko ya dakika kumi na tano ikianza saa kumi kamili, humalizika saa kumi na mbili kasorobo, mwanga ungali upo. Ikicheleweshwa saa moja, itamalizika saa moja kasorobo, na jua la Unguja halimngoji mtu. Mtumishi anayefika ofisini kwa wakati kwa kuhofia daftari la mahudhurio, kisha akawaweka wenzake saa nzima kiwanjani, ameonyesha kwamba anaogopa daftari lakini hawaheshimu watu.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni mamluki. Watu wamepungua, na upande wa pili umeleta mbuzi wa zawadi. Basi huitwa kijana anayecheza ligi, akapewa fulana ya idara na kuandikwa katika orodha kwa jina la mtumishi aliyebaki nyumbani. Karani aliyenunua viatu vyake na kuja mapema huambiwa akae benchi "mpaka mechi ikae sawa". Haikai sawa hata kipenga cha mwisho. Jumatatu ofisi nzima hujisifu kwa mabao matatu ambayo hakuna mfanyakazi wake hata mmoja aliyeyafunga.

Mwaka 2016 nchi nzima ilishuhudia uhakiki wa watumishi hewa, yaani majina yaliyokuwa yakilipwa mishahara bila watu. Wananchi walikasirika, na walikuwa na haki. Mchezaji hewa ana tofauti gani na mtumishi hewa? Hapa pia pana jina la mtu mmoja na mwili wa mtu mwingine, na pana mkuu anayejua na kunyamaza. Mwenye kughushi orodha kwa ajili ya mbuzi anajizoeza kughushi. Na walimu wanaokemea vijeba katika michezo ya wanafunzi watapata wapi ulimi wa kukemea, iwapo wanafunzi hao hao wamesimama kando ya kiwanja wakimtazama mwalimu wao akicheza pamoja na mamluki?

Wapo watetezi wa tabia hii. Wanasema watazamaji wanapenda mpira mzuri, na kwamba watumishi wenye vitambi hawawezi kuutoa. Hoja hii si ya kupuuzwa, lakini inajijibu yenyewe. Kama watumishi wana vitambi, basi wao ndio wanaohitaji kukimbia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika hizo hazipatikani kwa kumtazama kijana wa ligi akikimbia kwa niaba yako. Anayetaka mpira mzuri aende Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 kwa kazi hiyo hasa. Mechi ya kirafiki ina kazi nyingine.

Wala hakuna sababu ya kudanganya, kwa kuwa kanuni zenyewe zimeacha nafasi. Katika mechi za kirafiki timu zinaweza kukubaliana idadi ya wachezaji wa akiba na kumjulisha mwamuzi kabla ya mchezo. Kwa michezo ya ngazi ya chini na ya wakongwe, kanuni zinaruhusu muda upunguzwe, kiwanja kifupishwe, na aliyetoka arudi tena baada ya kupumzika. Wakija kumi na wanne, wacheze saba kwa saba. Aliyechoka atoke, mwenzake aingie.

Na wakipungua kabisa, vijana wa Tunguu wapo. Mara nyingi wao ndio wanaofyeka majani ya viwanja hivi na kusimamisha magoli ya miti, kisha hufukuzwa pembeni wageni wenye fulana mpya wanapoteremka garini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wazee. Hapa mgeni anakuja na mwenyeji ananyang'anywa kiwanja. Vijana hao waalikwe mapema, wacheze kwa majina yao wenyewe, hadharani, na pakiwa na mbuzi nao wale. Huko si kuleta mamluki. Mamluki ni yule anayefichwa. Jirani huitwa kwa jina lake.

Basi wakuu wa idara na walimu wakuu wasiipuuze kazi hii kwa kuwa ni ya mchezo. Orodha iandikwe kwa majina ya kweli. Anayeweza aseme ndiyo na aje, asiyeweza aseme hapana mapema. Saa kumi iwe saa kumi. Timu itakayofungwa mabao sita ikiwa na makarani wake wenyewe irudi mjini kichwa juu, kwa kuwa hao sita wamefungwa wao, na Jumamosi ijayo watakuja kuwarudisha wao.