UKURASA WA NYUMBANI: Bwawa Moja Litoshe Samaki Wangapi?

Wahenga walinena kwamba mtaka yote hukosa yote. Usemi huo wafaa kukumbukwa na kila jamaa inayokusudia kufuga samaki nyumbani, kwani hasara nyingi za bwawa huanza siku ile ile ya kununua vifaranga.

Ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya Bwera. Mume ni sajini wa polisi na kazi yake iko mjini Kasese. Mke hutunza shamba na watoto wanne. Nyuma ya migomba wamechimba bwawa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, nayo maji yake hufika kiunoni. Bwana, akiwaza ada ya shule, anaagiza vifaranga 1,000 vya ngege. Bibi anamjibu, "Baba watoto, maji haya ni ya samaki 400 tu." Bwana anadhani mkewe anapunguza mapato ya nyumba. Je, nani mwenye haki kati yao?

Hesabu ndiyo itakayoamua. Bwawa hilo lina mita za mraba 200. Pale ambapo maji hurutubishwa kwa samadi na samaki huongezewa pumba, bila mashine ya kutia hewa, kipimo chema ni ngege 2 kwa kila mita ya mraba, yaani samaki 400. Na ifahamike kwamba bwawa halizai chakula zaidi kwa sababu midomo imeongezeka. Ikiwa chakula chake chaweza kukuza kilo 80 za samaki, basi samaki 400 watakuwa na gramu 200 kila mmoja. Lakini wakiwa 1,000, kila mmoja hatapita gramu 80. Uzito wote ni ule ule, ila samaki wa gramu 80 ni miiba mitupu, wala mnunuzi wa sokoni Mpondwe hatamtazama mara mbili.

Jambo la pili ni pumzi. Samaki huvuta hewa iliyomo majini, na hewa hiyo hupungua mno kabla ya mapambazuko. Wakiwa wengi kupita kiasi, alfajiri huonekana wakihema juu ya maji. Ziwa George lenyewe, ambalo kina chake kwa wastani hakifiki mita 3, lilipatwa na msiba huo mwaka 1957: tufani ilivuruga tope la chini, hewa ikapungua majini, na ngege wengi mno wakafa. Ikiwa ziwa zima liliweza kushindwa, sembuse bwawa la nyuma ya nyumba?

Jambo la tatu ni uzazi. Ngege jike huatamia mayai kinywani mwake, naye huanza kuzaa angali mdogo, baada ya miezi michache tu. Hivyo hao 400 hawatabaki 400. Mfugaji mwenye busara huchagua vifaranga madume watupu, au baadaye hutia kambare wachache, wadogo kuliko ngege waliomo, ili wawale watoto wanaozaliwa.

Mama wa nyumba aweza kulichunguza bwawa lake bila chombo chochote. Na auzamishe mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni katika ukijani wa maji, rutuba inatosha. Kikipotea mapema zaidi, samadi isimamishwe kwa muda. Kikionekana wazi kabisa, samadi iongezwe kidogo kidogo. Na asubuhi yoyote samaki wakihema, chakula na samadi visitiwe siku hiyo, bali maji mapya yaingizwe.

Basi katika nyumba ile ya Bwera, haki ilikuwa kwa bibi. Bwana hakupungukiwa na heshima kwa kukubali hesabu ya mkewe, kwani yeye aliye mbali na nyumba hutuma fedha, lakini aliye kando ya maji ndiye ayaonaye kila alfajiri. Fedha za vifaranga 600 zilizosalia zinunue pumba na daftari la kuandikia matumizi. Samaki 400 walioshiba watalipa ada. Samaki 1,000 wenye njaa watalipa majuto.