Kahawa Iliyopungua: Mchezo wa Upelelezi katika Darasa Kubwa

Miongoni mwa michezo inayopendwa na watu wazima huko Ulaya na Marekani, upo mmoja ambao huenda ukamshtua mwalimu asiyeuzoea. Wageni hualikwa nyumbani, kila mmoja hupewa karatasi inayomweleza yeye ni nani na anajua nini, kisha hutangazwa kwamba mtu ameuawa na kwamba muuaji yumo humo humo miongoni mwao. Tangu hapo hadi chakula cha usiku kimalizike, wageni huhojiana, hulinganisha habari, na mwishowe humtaja mkosaji. Mchezo huo una ndugu yake wa mezani, Cluedo, uliobuniwa na Mwingereza Anthony Pratt na kuanza kuuzwa nchini Uingereza mwaka 1949. Humo wachezaji hutafuta nani aliyeua, katika chumba gani na kwa silaha gani.

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa mambo haya. Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mwaka 1965, na kabla yake, mwaka 1960, Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale. Katika kitabu hicho maiti huonekana penye mzimu, na hofu ya mizimu huwatanda watu. Bwana Msa haridhiki na hofu, bali hutafuta alama, huuliza maswali, na humsaka binadamu aliyetenda. Mwanachuo ambaye hajakisoma kitabu hicho angefanya vyema kukitafuta kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha.

Maoni yangu ni kwamba mchezo wa namna hii unafaa sana kuingia katika shule zetu za msingi, hasa katika madarasa makubwa. Lakini mwalimu akiuingiza kama ulivyo, pamoja na maiti yake na muuaji wake, ataleta madhara ambayo huenda asiyaone mpaka yamekwisha kufika kijijini.

Tuanze na darasa. Tangu michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani wameingia shuleni, na hilo ni jambo la kushangilia. Hata hivyo, mwanachuo atakayepangiwa shule ya kijijini, tuseme katika kata ya Mbuji wilayani Mbinga, hana budi kuwa tayari kukuta watoto themanini mahali palipokusudiwa arobaini na watano. Katika darasa kama hilo njia ya maswali na majibu huwa ya watoto kumi walio mbele. Waliobaki hujifunza jambo moja tu, nalo ni kukaa kimya bila kuonekana.

Mchezo wa upelelezi hauruhusu kukaa kimya, kwa sababu kila mchezaji ameshika habari ambayo hakuna mwingine anayo. Hapa nakumbuka kazi ya Elliot Aronson, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1971 alikabiliwa na shule za mji wa Austin, katika jimbo la Texas, ambamo watoto wa rangi mbalimbali walikuwa wamewekwa darasa moja na hawapatani. Aligawa somo vipande vipande, kila mtoto akapewa kipande chake, ikawa hakuna awezaye kulielewa somo zima bila kumsikiliza yule aliyemdharau. Ni kanuni ile ile ya mchezo wa wageni wa chakula cha usiku, ila imetolewa sebuleni na kupelekwa darasani.

Kwa watoto themanini, andaa habari nane. Ziandike kila moja kwenye kipande chake cha karatasi, kisha nakili mara kumi. Migongo ya kalenda za zamani na maboksi ya madukani yatatosha. Gawa darasa katika makundi kumi ya watoto wanane, na kila kundi lipate vipande vyote vinane, mtoto mmoja kipande kimoja. Kipande husomwa kwa sauti, hakipokezwi mkononi. Kabla ya makundi kuanza, wakusanye wenye kipande namba moja mahali pamoja, wenye namba mbili mahali pengine, na kadhalika, wasaidiane kusoma na kuelewa. Hivyo mtoto asomaye kwa kusitasita atarudi kundini akiwa amekwisha kukijua kipande chake. Usiiruke hatua hii kwa kuona kwamba inakula muda. Ukiiruka, watoto dhaifu watanyang'anywa karatasi zao na mchezo utarudi kwa wale kumi wa siku zote. Vipindi viwili vilivyofuatana, yaani dakika themanini, vinatosha.

Sasa nifike penye mgogoro. Mchezo wa Kizungu humteua mchezaji mmoja awe muuaji. Miongoni mwa wageni wa mjini jambo hilo huisha kwa kicheko, na kila mtu hurudi kwake. Kijijini mtoto aliyeitwa mwizi darasani saa nne ataitwa mwizi njiani saa nane, na pengine muhula mzima. Kwa hiyo mtuhumiwa asiwe mtoto yeyote. Wahusika wabaki kwenye karatasi, tena wasipewe majina, maana kila jina utakalolibuni lina mwenyewe kijijini. Waite Mlinzi, Kijana, Mjane, basi.

Maiti nayo iachwe. Sisemi hivyo kwa kuwaonea watoto haya, kwani wao huhudhuria misiba kama sisi. Nasema hivyo kwa sababu katika nchi yetu swali la "nani amemuua?" haliulizwi na polisi peke yao. Mtu akifa kwa homa, wapo wanaouliza nani aliyemloga. Akipatikana wa kunyooshewa kidole, kwa kawaida huwa ni mtu asiye na mtetezi. Tunayo Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, inayokataza kumtuhumu mwenzako uchawi ovyo, lakini sheria haikuzuia wanawake wazee wasiuawe, hasa katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi uliowapata katika miaka mingi ya kupika. Kila aliyewaona aliuona wekundu huo; ambalo halikuulizwa ni ulitoka wapi.

Kwangu mimi hapo ndipo ilipo thamani ya mchezo huu, na ndipo pia ilipo hatari yake. Ukiongozwa vibaya huwazoesha watoto kumtafuta wa kumtaja, kupiga kura, na kushangilia walio wengi. Ukiongozwa vizuri huwazoesha kutomtaja mtu mpaka wawe na sababu inayoweza kukaguliwa. Ndiyo maana napendekeza kwamba baadhi ya mafumbo yawe hayana mkosaji kabisa, na watoto wasiambiwe mapema ni yapi.

Nitatoa mfano unaofaa kwa Umatengo, mahali ambapo mtoto wa darasa la tano huijua kahawa kuliko wakufunzi wengi wanavyoijua. Vipande vyake ni hivi. Cha kwanza: familia ilimenya na kuosha kahawa yake, ikaipima ikichuruzika maji, ikapata kilo 40, ikaianika kichanjani. Cha pili: baada ya siku kumi na sita ilipimwa tena, mbegu zikiwa kavu kabisa, zikapatikana kilo 21. Cha tatu: Mjane, jirani wa familia, alionekana alfajiri akipita karibu na kichanja. Cha nne: Kijana amenunua viatu vipya. Cha tano: Mlinzi alilala usiku wa mvua, lakini asubuhi turubai lilikutwa limefungwa kama lilivyoachwa. Cha sita: njia ya kwenda kisimani hupita kando ya kichanja. Cha saba: Kijana alilipwa ujira kwa kuchuma kahawa ya jirani. Cha nane: watu husema kwamba Mjane yule si mtu wa kawaida.

Nimeona fumbo hili likichezwa, na makundi mengi humtaja Mjane haraka mno. Kipande cha nane hakisemi jambo lolote, na bado ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Hapo mwalimu asikemee. Aandike ubaoni maneno matatu, ALIONA, ALISIKIA, ALIDHANI, na kulitaka kila kundi liweke vipande vyake vinane chini ya neno linalostahili. Kipande cha nane huangukia chini ya ALISIKIA, na watoto wakiulizwa alisikia kwa nani, hawana jibu. Cha tatu huanguka chini ya ALIONA, lakini kikiwekwa karibu na cha sita hubaki mwanamke aliyekwenda kuteka maji. Katika darasa moja aliyefungua fumbo ni mtoto ambaye husoma herufi kwa herufi. Alikuwa na kipande cha kwanza mkononi, akauliza: "Maji yalikwenda wapi?" Kahawa iliyooshwa, ikikaushwa vizuri, hupoteza karibu nusu ya uzito wake. Hakuna aliyeiba.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba huu ni upotezaji wa muda, na kwamba mtihani wa darasa la saba hauulizi mambo ya wajane na vichanja. Nawajibu kwa ufupi. Ndani ya fumbo hili moja mna kutoa na asilimia katika Hisabati, mna uvukizaji katika Sayansi, na mna kauli halisi na kauli ya taarifa katika Kiswahili. Mwanachuo anayeweza kuandika andalio la somo atajua vya kuyapanga. Kelele zitakuwapo, hilo sibishi. Mwalimu mkuu aarifiwe siku moja kabla.

Wengine watasema tumeiga Uzungu. Hao nawakumbusha sengu ya Wamatengo, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja chini ya mzee wao, mambo ya nyumbani yakazungumzwa, na vijana wakafunzwa humo humo. Aliyekulia katika baraza la namna hiyo hawezi kuona ajabu kwamba watu wanane wakae duara, kila mmoja aseme alijualo, na wengine wamsikilize. Wala sidai kwamba kila lililosemwa katika mabaraza ya zamani lilipimwa kwa ushahidi. Kazi hiyo ni yetu.

Kundi likishikilia mpaka mwisho kwamba Mjane ni mwizi, msiwaambie watoto kwamba wamekosea. Neno la mwalimu katika jambo hili halina uzito kuliko neno la jirani. Katika msimu wa mavuno ombeni kilo mbili za kahawa iliyooshwa kwa mzazi aliye karibu na shule, na mizani kwa mwenye duka. Mtoto mmoja wa kundi hilo apime mbele ya wenzake na kuandika uzito pembeni mwa ubao. Kahawa ianikwe mbele ya darasa, ifunikwe kila jioni na watoto wa kundi lile lile, ipimwe kila Ijumaa, na ule uzito wa kwanza usifutwe ubaoni.