Kristo katika Vilima Vyetu



Wapendwa waamini, kila kanisa linapopakwa rangi upya, swali lilelile hurudi: tuchore nini ukutani nyuma ya altare? Limerudi tena hapa Nyakitonto. Wazee wanaitaka picha ya Moyo Mtakatifu waliyoizoea tangu katekesi ya utotoni. Vijana wanamtaka Kristo mwenye sura ya Mwafrika. Kabla ya kutoa maoni yetu, tunapenda kuyatazama maisha na kazi ya mchoraji mmoja wa Tanzania aliyekwisha kulijibu swali hili zamani, tena katika saa ngumu.

Elimo Njau alizaliwa Marangu, katika miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1932, katika familia ya Kilutheri. Alisomea sanaa Makerere, Uganda, katika shule iliyoanzishwa na Mwingereza Margaret Trowell, aliyewahimiza wanafunzi wake wachore maisha wanayoyajua badala ya kuiga ya Ulaya. Mwaka 1965, jijini Nairobi, Njau na wenzake walianzisha nyumba ya sanaa iitwayo Paa ya Paa: paa, yule mnyama wa porini, anapaa juu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 moto uliiteketeza nyumba hiyo pamoja na kazi nyingi zilizokuwamo, naye hakukata tamaa, akaanza upya.

Lakini kazi inayotuhusu leo ni ya ujana wake. Tangu Oktoba 1952 Kenya ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari. Wapiganaji wa Mau Mau walidai ardhi na uhuru. Serikali ya kikoloni iliwanyonga watu zaidi ya 1,000 na kuwafunga maelfu kwa maelfu makambini. Wakristo wa Kikuyu waliokataa kula kiapo waliuawa, pengine na majirani zao wenyewe. Kwa kuwakumbuka hao, Waanglikana walijenga kanisa Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati huo, wakaliweka chini ya jina la Mtakatifu Yakobo na Wafiadini Wote. Ndani yake Njau, akiwa hajatimiza miaka thelathini, alichora ukutani picha kubwa tano: Kuzaliwa kwa Bwana, Ubatizo wake, Karamu ya Mwisho, Gethsemani na Kusulubiwa. Watu wa picha hizo ni Waafrika, na nchi yao ni vilima vilevile vinavyoonekana mtu akitoka nje ya mlango wa kanisa.

Wengi huisifu kazi hiyo kwa kuwa Kristo ni mweusi. Sisi tunaona ndani yake neno zito zaidi. Msalaba ukisimikwa juu ya kilima unachokilima, huwezi tena kusema kwamba Bwana aliuawa na watu wa mbali, wa zamani, wasiotuhusu. Mwamini aliyeingia kanisani mle miaka ile pengine alikuwa amefiwa, pengine ndugu yake alikuwa kizuizini, pengine mikono yake mwenyewe haikuwa safi. Ukuta ule haukumwachia pa kujificha. Haukumnyima tumaini pia, kwa maana Mtoto naye alikuwa amezaliwa papo hapo.

Je, jambo hili halituhusu sisi wa Buha? Mwaka 1972, mwaka 1993 na tena mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walivuka mpaka wakiikimbia damu. Wengi wao ni Wakatoliki, na wengi wa waliowafukuza walibatizwa kama wao. Tuliwapokea, tukagawana nao ugali wa muhogo na maharage, ni kweli. Ni kweli pia kwamba tuliwanung'unikia kwa ajili ya kuni na mashamba, na wapo kati yetu waliowadhulumu ujira wa kibarua wakijua hawana pa kushtaki.

Hatusemi kwamba bibi aliyesali rozari miaka hamsini mbele ya picha ya kigeni alikosea. Mungu alimsikia. Lakini wachoraji wa Italia walipoichora Betlehemu wakaifananisha na vijiji vyao, hakuna aliyewaita wazushi. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 123, ulitamka kwamba Kanisa halijaufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake. Vijana nao wasikie: kuichukua picha ya Kizungu na kuibadilisha ngozi tu si utamadunisho. Huyo bado ni mgeni aliyevalishwa joho la kuazima.

Maoni yetu ni haya. Picha ya Moyo Mtakatifu ibaki, ipewe mahali pa heshima pembeni. Ukuta mkubwa uchorwe Gethsemani katika vilima vyetu: Bwana anasali peke yake, na wanafunzi wamelala kando ya shamba la muhogo, majembe yao ubavuni. Juma hili jumuiya ndogondogo zisome Luka 22:39-46, kisha kila mmoja ajiulize: mchoraji akihitaji sura ya mmoja wa waliolala usingizi, je, hatatukuta sisi?