Mwongozo Kwanza, Menyu Baadaye: Kiswahili na Programu Huria za Hisabati

Mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia katika vyuo vyetu aghalabu huanza na kuishia kwenye istilahi. Je, tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Swali hili limejadiliwa katika makongamano na kuandikiwa tasnifu, na si haki kudai kwamba halina maana. Hata hivyo, limetusahaulisha swali zito zaidi: mwanafunzi akishaketi mbele ya hiyo tarakilishi, atasoma nini kwa Kiswahili kitakachomwezesha kufanya kazi? Makala haya yanalishughulikia swali hilo katika uwanja mmoja tu, yaani programu huria za hisabati. Hoja yangu ni kwamba wanafunzi wa Kiswahili waanze kwa kuandika mwongozo wa kujifunzia, wala si kwa kutafsiri menyu. Na kwamba mwongozo huo uandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, kwa mifano ya mahali utakakosomewa.

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inamruhusu mtu kuitumia, kuichunguza, kuinakili, kuibadili na kuisambaza. Tuchukue mfano wa Maxima. Asili yake ni Macsyma, programu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968 katika chuo cha MIT, Marekani. William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas aliitunza tangu mwaka 1982, na mwaka 1998 akapata idhini ya kuitoa chini ya leseni huria ya GNU. Schelter alifariki mwaka 2001, lakini kazi yake haikufa naye, kwa kuwa leseni ile iliwaruhusu wengine kuiendeleza. Maxima hutatua milinganyo kwa herufi na si kwa tarakimu pekee. Hurahisisha, hutafuta vigawo na kuchora grafu. Hainunuliwi, na ikishapakiwa katika mashine haihitaji intaneti. Kwa shule isiyo na fedha za kulipia leseni wala mtandao wa kutegemewa, sifa hizi mbili si jambo dogo.

Ikumbukwe kwamba Kiswahili si kigeni katika uwanja wa programu huria. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu za ofisi iliyotokana na mradi wa Kilinux. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows XP. Kazi hizo zilithibitisha kwamba lugha yetu inaweza kubeba dhana za tarakilishi, na walioifanya wanastahili heshima. Pamoja na hayo, zilikuwa kazi za kutafsiri vitufe na menyu. Kitufe kinachosema “Hifadhi” hakimwelezi mtu ahifadhi nini, wala kwa nini. Isitoshe, programu hubadilika kila mara, na tafsiri ya menyu isipofuatiliwa kila toleo huachwa nyuma. Mwongozo unaoeleza namna ya kufikiri hudumu kuliko picha ya menyu.

Kuna sababu nyingine ya kiisimu, ambayo wasomaji wa jarida hili wanaweza kuielewa vyema kuliko watengenezaji wa programu. Kwa Kiingereza, mtengenezaji huandika mara moja tu ujumbe wa kusema kwamba kitu fulani hakijafafanuliwa, kisha akaacha pengo ambamo mashine itaingiza jina la kitu chenyewe. Ujumbe huohuo haubadiliki, kiwe kitu hicho ni nukta, mstari au duara. Kwa Kiswahili hali ni tofauti. Nukta haijafafanuliwa, mstari haujafafanuliwa, duara halijafafanuliwa, kipenyo hakijafafanuliwa. Mtafsiri anayepewa nusu ya sentensi bila nomino yake hana njia ya kujua ni upatanisho upi autumie. Akichagua ngeli moja, atakuwa amekosea katika zile nyingine zote, na mwanafunzi atakutana na Kiswahili cha mtu asiyejua ngeli.

Tatizo hili lina ufumbuzi, nao hautoki kwenye kamusi bali kwenye sarufi. Tukiandika “Maana ya duara haijatolewa”, upatanisho unaangukia nomino “maana” tunayoijua, na jina lolote linaweza kuingia katika pengo: maana ya mstari haijatolewa, maana ya kipenyo haijatolewa. Vivyo hivyo, badala ya kuhangaika kati ya “limepatikana jibu” na “yamepatikana majibu”, twaweza kuandika “Idadi ya majibu” na kuiacha mashine itaje tarakimu. Huu ndio mchango ambao mwanafunzi wa isimu anaweza kuutoa katika teknolojia leo, pasipo kungoja kamati ya istilahi. Lakini pia unaonyesha kwa nini mwongozo ndio mahali pa kuanzia: mwandishi wa mwongozo anaijua nomino yake, anaijua sentensi nzima, na anamjua msomaji wake. Mtafsiri wa menyu hujikuta akifanya kazi gizani.

Wapo watakaosema kwamba hatuwezi kuandika mwongozo wa hisabati kwa sababu hatuna istilahi. Dai hili halina mashiko. Nchini Tanzania, somo la Hisabati limefundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Vizazi vya watoto vimetafuta thamani ya x, vimerahisisha mafungu ya aljebra, vimepima mzingo wa duara na kukokotoa eneo la pembetatu. Namba tasa, namba shufwa, namba witiri, kipeuo cha pili, mlinganyo na wastani ni maneno yaliyokwisha kutiwa katika madaftari ya watoto, wala hayahitaji kubuniwa upya Nairobi au Eldoret. Kazi yetu ni kuyajifunza na kuyatumia kwa uangalifu. Uangalifu huo ni wa lazima, kwa maana kigawo na kigawe hutofautiana kwa irabu moja tu, ilhali 4 ni kigawo cha 12 na 36 ni kigawe cha 12. Mwandishi wa mwongozo akizichanganya irabu hizo, somo zima litapinduka.

Sasa tuuhamishe mjadala huu kutoka ukumbi wa mihadhara hadi mahali mahususi. Chepseon ni mji mdogo katika kaunti ya Kericho, kando ya barabara kuu iendayo Nakuru, katika eneo la wakulima wadogo wa chai. Mwanafunzi wa huko huzungumza Kipsigis nyumbani, Kiswahili sokoni na barabarani, na hufundishwa Hisabati kwa Kiingereza. Miongozo mingi ya programu za hisabati, iwapo ataifikia, humpa mifano ya mizinga inayorusha makombora au akiba za benki za nchi za mbali. Ilhali hesabu anayoijua imo katika stakabadhi ya chai nyumbani kwao. Majani mabichi hupimwa kwa kilo katika kituo cha kununulia. Mkulima hulipwa kila mwezi kwa bei ya kila kilo, hukatwa deni la mbolea aliyokopeshwa, kisha mwishoni mwa mwaka hungoja bonasi. Hapo pana mlinganyo uliokamilika, na wenye njaa na karo ndani yake.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba bei ni shilingi 25 kwa kilo, deni la mbolea ni shilingi 3,600, na mama anataka abaki na shilingi 4,400 mkononi. Achume kilo ngapi? Mwongozo wetu ungemwelekeza mwanafunzi aandike hivi katika Maxima:

solve(bei*kilo - mbolea = malipo, kilo);

Mashine itajibu kwamba kilo ni jumla ya mbolea na malipo, ikigawanywa kwa bei. Mwanafunzi akiweka tarakimu zake, atapata kilo 320. Na akizidisha 320 kwa 25, kisha akatoa 3,600, atajithibitishia kwamba mashine haikumdanganya. Kisha na aulizwe: bei ikishuka hadi shilingi 20, kilo zitaongezeka kwa ngapi? Atakapoona kwamba ni lazima zifike 400, atakuwa ameelewa jinsi thamani moja inavyoitegemea nyingine, na pengine atakuwa ameelewa pia kwa nini wazazi wake huizungumzia bei kwa sauti ya chini.

Msomaji atazame tena ule mstari. Maneno manne kati ya matano yaliyomo ni ya Kiswahili, na programu imeyapokea bila kutafsiriwa hata kitufe kimoja, kwa sababu Maxima humwachia mtumiaji uhuru wa kuchagua majina ya herufi na thamani zake. Neno la tano, solve, ni amri. Je, nalo litafsiriwe? Naona lisitafsiriwe. Katika mstari ule, solve si Kiingereza tena. Ni alama, sawa na alama ya kuzidisha. Programu nyingine, kama GeoGebra iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, huruhusu hata majina ya amri yatafsiriwe katika lugha mbalimbali. Jambo hilo lina uzuri wake, lakini hapa kwetu, ambapo mwanafunzi atatahiniwa kwa Kiingereza na kutafuta msaada katika maandishi ya dunia nzima, amri iliyotafsiriwa inaweza kumtenga. Amri zibaki zilivyo. Maelezo ya zinachofanya, na kwa nini, yawe ya Kiswahili sanifu.

Mwongozo ulioandikwa hapa pia utaonya mahali ambapo mwongozo wa kutafsiriwa haukujua kuonya. Tumezoea kuandika 3,600 kwa mkato. Katika Maxima mkato hutenganisha vitu viwili, hivyo ni lazima mwanafunzi aandike 3600. Nukta mbili huipa herufi thamani, ilhali alama ya sawasawa hujenga mlinganyo. Kila amri humalizika kwa nuktamkato, kama vile sentensi humalizika kwa nukta. Haya ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayomfanya mwanafunzi wa siku ya kwanza akate tamaa na kusema kwamba tarakilishi si ya watu kama yeye.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa kwa unyofu. Ya kwanza ni kwamba, maadamu Hisabati katika shule za sekondari za Kenya hutahiniwa kwa Kiingereza, mwongozo wa Kiswahili utamchelewesha mwanafunzi. Jibu langu ni kwamba mtihani hupima kama mtu ameelewa, na kuelewa huja kwa lugha ambayo mtu anaweza kuuliza swali kwayo. Mwongozo unaweza kuweka mwishoni orodha ya istilahi za Kiswahili na za Kiingereza bega kwa bega, ili mwanafunzi avuke daraja akiwa ameshiba.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: lugha ya kwanza ya mtoto wa Chepseon si Kiswahili, ni Kipsigis. Neno “shufwa” linaweza kumtatiza sawasawa na lile la Kiingereza. Huu ni ukweli, na sisi wakereketwa wa Kiswahili tusiufunike kwa shangwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, inaitaka pia Serikali ikuze lugha za kiasili. Hapa leseni huria inatufaa kwa mara nyingine. Tukiutoa mwongozo wetu kwa masharti yanayoruhusu kutafsiriwa, mwalimu wa Kericho au Bomet ataweza kuutia katika Kipsigis bila kumwomba mtu ruhusa. Naye atakuwa akitafsiri maandishi ambayo chai yake tayari imo, jambo ambalo ni rahisi kuliko kuanza na makombora.

Kuna watakaoongeza kwamba siku hizi mashine za kutafsiri zinaweza kumaliza kazi hii kwa dakika chache. Na zitumike kutoa rasimu, anayetaka. Lakini bado lazima mtu aandike kila amri, aone jibu, akague kigawo na kigawe, kisha amsikilize msomaji mahali anapokwama. Kazi hiyo ndiyo uandishi wenyewe.

Nahitimisha kwa pendekezo. Kila chama cha Kiswahili chuoni kiunde jozi za waandishi, mmoja wa idara ya Kiswahili na mwenzake wa idara ya Hisabati. Waandike masomo kumi mafupi: chai kwa Kericho, samaki kwa Kisumu, nauli za matatu kwa Nairobi, minazi kwa Kilifi. Kila somo lisomwe na wanafunzi wa shule halisi kabla ya kuchapishwa, na sentensi itakayowakwaza iandikwe upya, hata kama profesa ameipenda. Kisha tuyatoe bure kama tulivyopewa programu yenyewe bure. Tumekuwa wapokezi wa tafsiri kwa muda mrefu. Umefika wakati tuandike jambo ambalo Kiingereza, kikilitaka, kitalazimika kulitafsiri kutoka kwetu.