Barua Ikipotea Tusinyamaze

Wananchi wa Meru wanajua nguvu ya maandishi. Walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, waliandika malalamiko yao hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet akaenda New York kuyatetea.

Leo Umoja wa Posta Afrika una makao makuu yake hapa Arusha. Hata hivyo, mtu akikosa barua yake ya kiwanja au ya shule hunung'unika tu, kisha hurudi nyumbani. Sisi twasema manung'uniko si dawa.

Barua ya maana ipelekwe kwa rejista na risiti itunzwe, maana namba yake ndiyo shahidi. Ikikawia, aliyeituma aende posta na risiti, aandike malalamiko na abaki na nakala. Kwa barua za nchi za nje, asingoje miezi 6 ipite. Asiporidhika, apeleke shauri TCRA. Penye dalili ya wizi, polisi. Makatibu wa matawi wawaandikie wasiojua kuandika.

Ibara ya 16 ya Katiba yahifadhi mawasiliano ya kila mtu. Haki hiyo ni yetu, tuidai.