Korosho na Maji Vyastahili Diwani

Mwaka 1914 mshairi wa Kimarekani Robert Frost alitoa huko London diwani yake North of Boston, ambayo ndani yake hamna wafalme wala majemedari, bali mna majirani wawili wanaorudishia mawe ya ukuta uliobomoka baina ya mashamba yao, na kibarua mzee aliyerejea kwa tajiri wake wa zamani ili afie hapo. Na kwa kuwa Frost mwenyewe alikuwa amelima huko Derry, New Hampshire, aliwaachia watu wale kauli zao za kila siku, asiwavike ufasaha wa kuazima.

Nani ameifanyia nchi ya Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, hisani kama hiyo? Katika uwanda wa juu wa Makonde mvua huzama mchangani pasi na kuacha mto, na kabla ya maji kupandishwa kwa mabomba katika miaka ya 1950, wanawake wa Newala waliteremka genge kufuata maji bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Na safari ile, pamoja na soga zake na ugomvi wake, ni utenzi mzima ambao haujaandikwa. Kisha uje msimu wa korosho, tangu kupulizia salfa mpaka kuokota, kutenga mabibo, kuanika na kupeleka ghala la chama cha msingi cha ushirika, ndipo ifuate subira ya kungojea bei ya mnada, hali karo ya shule na deni la dukani navyo vinangojea bei iyo hiyo.

Mjerumani Karl Weule alifika huku mwaka 1906 na fonografu yake, akanasa nyimbo, akazichukua kwao. Sisi tunayo mila adhimu ya mashairi ya magazetini tangu zama za gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lakini malenga wetu wamezoea mno kuusia na kusifu, hata mkulima akiingia katika shairi huingia kama mfano wa bidii, si kama mtu mwenye jina, hofu na maneno yake. Naiona hiyo kuwa dhulma, maana vina na mizani havijamkataa mtu yeyote.

Basi enyi walimu wa Kiswahili wa Masasi na Newala, waagizeni wanafunzi wenu watunge juu ya waliyoyasikia ghalani msimu huu. Nanyi wahariri, zipeni tungo hizo nafasi.